Shoga wa Kijitoni

Kama unakula, weka kijiko chini kwanza. Mambo haya hata mimi ninayeyasimulia hunichafua roho.

Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ya kuoga. Fevronya alilimwagia maji ya moto fagio la matawi ya beryoza, lile wanalojichapia ndani ya nyumba ya mvuke, akangoja harufu ya majani ipande. Ikapanda harufu ya kidonda kilichooza. Alipotia mkono kulitoa, maji yakavutika na vidole vyake kama mlenda.

"Ptuu! Hili nalo lina nini?"

"Lina uvivu wako," akajibu mama mkwe wake, Pelageya, aliyekaa benchi ya juu jasho likimtiririka. "Hebu fanya upesi, mtoto tumbo linamuuma."

Sava alikuwa na miezi minne, tumbo limemjaa gesi, na pale kijijini hakuna aliyejua dawa ya tumbo la mtoto kupita beryoza. Mti huo mweupe ndio unaowanywesha utomvu theluji ikiyeyuka, gome lake ndilo la makopo ya siagi, lami yake ndiyo ya viatu na vidonda, na jina lake wanawake hulitaja kama wanamtaja dada. Basi Fevronya akamlaza mwanawe mapajani, akawa anamgusagusa kwa fagio, taratibu, kama alivyofanyiwa yeye na mama yake.

Mtoto akanyamaza palepale.

"Unaona?" Pelageya akacheka. "Nyie wa siku hizi mpaka mgombezwe."

Lakini jani moja lilikuwa limeganda chini ya kitovu. Fevronya akalibandua, na ngozi ikaja nalo, nyembamba, inajikunja, ikachanika kwa upana mpaka mgongoni bila tone la damu. Chini yake palikuwa peupe pepepe, pana michirizi myeusi, na katika mchirizi mmoja funza alikuwa anatambaa. Mtoto alimtazama tu, anatabasamu, udenda unamtoka mzito wa manjano.

Kinyaa kilimpanda Fevronya akataka kumrusha sakafuni. Mwanawe wa kumzaa! Akaona aibu, na aibu yenyewe haikukifukuza kinyaa.

"Mama," akanong'ona. "Huyu si Sava."

Pelageya akashuka, akamgusa mtoto kwa kidole kimoja, akakifuta kidole, akakifuta tena. "Usipige kelele," akasema kwa sauti ya chini. "Tutoke, huyu abaki humu na fagio lake. Mimi namfuata Bibi Malanya."

Bibi Malanya ndiye mkunga aliyempokea Sava, na ndiye wanayemkimbilia mambo yakiwa si ya daktari. Alikuja na kopo la lami. Walisimama watatu nje ya mlango, akaunusa mkono wa Fevronya ulioshika fagio, uso ukamkunjamana.

"Umelikata wapi?"

"Kijitoni, bibi."

"Mti upi? Sema kweli, binti. Mawe ya jiko humo ndani yakipoa, mwanao humpati tena."

Fevronya akasema. Alipokuwa na miaka kumi na sita, katika ile wiki ya wasichana, aliyasuka matawi ya mti ule yakawa pete bila kuyakata, akaubusu mti kupitia pete hiyo, akaupa yai jekundu, akauita shoga. Wote walifanya hivyo. Jumapili ya Utatu wenzake walirudi kufungua pete na kuagana na miti yao. Yeye siku hiyo alikuwa ghalani na kijana, ndiye mumewe wa leo, aliye mbali mtoni anasukuma magogo.

"Miaka saba hukumfungua?"

"Nilisahau."

"Ukasahau, ukarudi kumkata vidole umchapie mwanao! We mtoto, hata adui hafanyiwi hivyo."

Ndani, ambamo hamkuwa na mtu ila kile kitoto, fagio likaanza kulia juu ya mwili uliolowa. Paa. Paa. Kisha sauti, nzito kwa makohozi: "Shoga, nimepata mtoto."

Pelageya akajishika mdomo. Sasa nani angeingia kuongeza kuni?

"Nenda ukaifungue pete," Bibi Malanya akanong'ona. "Kwa meno, chuma usimguse nacho tena. Ukimaliza muage kama ulivyomwanza. Kwa busu. Kimbia!"

Fevronya akakimbia, miguu mitupu, jua la kiangazi likimwakia usoni, na alipofika akakuta ile pete imeota ikashikamana, imenenepa kama shingo yenye tezi, na katikati yake gome limevimba likawa midomo miwili, inachuruzika usaha mtamu uliojaa mainzi, na ndani kabisa ya shina, mbali kama ndani ya kisima, Sava wake analia. Akauma. Utomvu uliochacha ukamjaa kinywani, funza wakapasuka kati ya meno, akatapika, akajifuta, akauma tena, mpaka pete ikaachia. Ikabaki midomo. Ilikuwa na joto. Akafumba macho, akaibusu, nayo ikafunguka ikamvuta ulimi, inanyonya, haishibi, na yeye anasema humohumo, "Kwaheri, shoga, kwaheri, niachie mwanangu," mpaka ikamtema.

Alirudi anapepesuka. Uani lilikuwa linaungua gogo bovu lililopakwa lami, ndilo lililokuwa kile kitoto, na Pelageya amempakata Sava, mwekundu, anapiga mayowe, anajamba kama baba yake.

"Ameachia?" Fevronya akauliza.

"Ameachia mtoto," akasema Bibi Malanya, akachukua kopo lake akaenda zake.

Jioni, kungali mwanga, Fevronya akaketi dirishani, akampa Sava titi la kulia. Ngozi yake laini, kitovu safi. Akalia kwa furaha, akamnusa utosini.

Hapo titi la kushoto likaanza kuvutwa.

Akalitazama. Chuchu ilikuwa imerefuka, imelowa, maziwa yanatoka yakipotelea hewani, na palisikika mfyonzo wa kitu kisicho na meno, uleule wa midomo ya kijitoni.

"Mbona umenyamaza?" Pelageya akauliza toka jikoni.

"Ananyonya, mama."

Akainua mkono akisukume kile kitu. Lakini akamwangalia Sava, aliyekwisha kulala kinywa wazi. Akaushusha mkono, akalisogeza titi mbele kidogo, linyonywe vizuri.