Baiskeli Iliyong'aa Kupita Kiasi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku aliosha baiskeli ya shangazi yake, muuza maziwa. Jina hilo la utani alilipata kwa kupiga domo: mpe nafasi ya salamu, naye atakupa habari za mtaa mzima. Shangazi alimwagiza atie mafuta kwenye mnyororo tu. Lakini siku hiyo binti alitaka sifa. Akapaka mafuta hata rimu za magurudumu, akazisugua zikang'aa kama sahani mpya.

Shangazi alimsifu, akafunga madumu yake, akashuka mteremko. Alipofika kwenye kibaraza cha fundi cherehani, alibana breki. Wapi! Baiskeli iliparamia benchi la fundi, maziwa yakamwagika na mkono ukateguka. Kwa uchungu, shangazi alimfokea fundi mbele ya watu kwamba benchi lake limeziba njia. Mwenye nyumba yenye kibaraza hicho naye akamwamuru fundi ahame kabla ya jioni.

Chiriku ndiye aliyeitwa kuikokota baiskeli na kuirudisha nyumbani. Akabana breki, gurudumu likateleza tu. Akagusa rimu, kidole kikatoka na mafuta. Alikipangusa kwenye gauni lake haraka, uso ukimwaka kwa aibu, wala hakusema kitu.

Mchana kupitia dirishani alimwona fundi akikunja nguo ambazo hazijaisha kushonwa. Sare yake mwenyewe ilikuwamo. Akasukuma sahani ya chakula kando.

"Chiriku, leo ulimi umeuacha wapi?" shangazi alimtania.

Machozi yalimtangulia. "Shangazi, si benchi. Ni mimi. Nilipaka mafuta kwenye rimu, ndiyo maana breki hazikushika."

Shangazi aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji. Kisha akakiri kwamba naye alipanda bila kujaribu breki, akadanganyika na mng'aro.

"Simama twende," alisema. "Wewe una kosa la mafuta, mimi nina kosa la mdomo."

Mbele ya watu walewale, na mwenye nyumba akiwapo, Chiriku alisema yote huku akitazama vidole vya miguu. Shangazi akaomba radhi. Mwenye nyumba alikohoa, akasema fundi abaki. Fundi alirudisha benchi lake, akatundika sare ya Chiriku mahali pake.

Njiani shangazi alimshika bega. "Kutojua kwako kumenitegua mkono, mwanangu, nao utapona. Kimya chako kingemnyima mtu riziki yake, na jeraha hilo lisingepona kwa mafuta yoyote."