Maziwa ya Mkesha wa Mei

Orlaith alitumwa maziwa jioni ya mwisho ya Aprili. Kikombe kimoja tu, nyumba ya jirani. Mtu hutumwa hivyo mara ngapi maishani?

Aliyemtuma ni Gobnait, mama mwenye nyumba. Orlaith alikuwa ametoka Dublin kuja kushika duka la dawa la mji ule kwa miezi mitatu, ikawa mwaka na nusu. Muda wote huo Gobnait hakumwita kwa jina. Mwanangu, chai. Mwanangu, vaa koti, mvua hii haina adabu. Sasa Orlaith alikuwa anaondoka Jumamosi, masanduku yamefungwa, na Gobnait hakusema neno juu ya safari. Alimenya viazi vyake na kutabasamu.

"Fidelma akikuuliza ni ya nani, sema ni yako," alimwambia, akimpa kikombe cha bati. "Mimi na yeye tuna yetu ya zamani. Akisikia jina langu atanuna."

Uongo mdogo. Orlaith akaubeba pamoja na kikombe.

Fidelma alifungua mlango nusu, amempakata Tadhg, mtoto wake wa miezi miwili. Kabla ya huyo alizika watatu. Kizingitini alikuwa ametawanya maua ya njano ya kuzuia uchawi, kama walivyofanya mtaa mzima siku ile. Alipoona kikombe, uso ukambadilika.

"Leo, Orlaith? Leo maziwa hayatoki nyumbani kwa mtu. Wala moto, wala chumvi. Anayeyapata leo huondoka na maziwa yote ya nyumba. Umekaa hapa wee, hujasikia?"

"Nimesikia. Nikadhani mnanitania, kama siku ile mliponiambia mbuzi wa padri anajua kuungama."

Fidelma akacheka. Kisha akanong'ona.

"Ni ya nani?"

"Yangu. Ya chai yangu."

"Angekuwa mwingine ningemfungia mlango. Wewe ni dada yangu."

Akachota kwenye chungu kilichokaa sakafuni, mahali pa baridi. Lakini njiani Orlaith alihisi bati linapata joto viganjani. Joto la mwili wa mtu... Nyuma yake Tadhg akaanza kulia.

Gobnait hakuonja hata tone. Aliyamimina yote kwenye chai ya Orlaith, akaketi mbele yake, mikono mapajani.

"Kunywa, mwanangu."

Chai ilinuka utosi wa mtoto mchanga. Orlaith alisita, akaona aibu kusita, akanywa yote.

Asubuhi ng'ombe sita wa Fidelma walikamuliwa, hawakutoa kitu. Kufika mchana, Fidelma mwenyewe akakaukiwa maziwa kifuani. Orlaith alikimbia dukani, akaleta makopo ya maziwa ya unga. Tadhg akayatapika. Wakajaribu maji ya sukari kwa kijiko, akatapika. Daktari akaja, akamtazama mtoto, akavua miwani yake akaifuta muda mrefu. Siku ya tatu Tadhg hakulia tena. Kinywa kilifunguka tu na kujifunga.

Fidelma alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, na Orlaith amesimama nyuma yake, pale kinywa kile kilipotoa sauti. Ndogo. Kama mlango wa mbali.

Orlaith akahisi moto kifuani.

Akajigusa. Blauzi ilikuwa imelowa.

Hakuwahi kuzaa. Hakuwahi kulala na mwanamume. Alijifunika kwa koti, akatoka bila kuaga.

Orlaith alipoingia chumbani kwake alimkuta Gobnait. Masanduku yalikuwa wazi kitandani, naye alikuwa anazirudisha nguo kabatini, moja moja, amezipiga pasi.

"Umenifanya nini?"

"Mimi? Mimi sikumwomba mtu kitu. Wewe ndiye uliyesema ni yako."

"Basi niyarudishe. Niambie nifanyeje."

"Yakishanyweka hayarudi." Gobnait alikung'uta sketi, akaitundika. "Usiogope, mtoto hatakufa. Atakunyonya wewe. Mwaka, miwili. Utakuwa hapa hapa karibu, nami nitakupikia."

"Na mimi nilikuwa nakuona mama yangu."

"Ndiyo maana, mwanangu."

Alisema kwa upole, na ulikuwa upole wa kweli. Orlaith alitamani Gobnait angecheka, angegeuka paka, angefanya chochote cha kichawi, ili apate kumchukia vizuri. Alikumbuka chai zote zile, soksi zilizokaushwa jikoni, supu alipougua mafua. Alimpenda huyu mwanamke kuliko mama aliyemzaa. Kumbe alikuwa anafugwa.

Alirudi kwa Fidelma.

"Maziwa yale hayakuwa yangu. Gobnait ndiye aliyenituma. Nilikudanganya."

Akaketi, akafungua koti.

Fidelma alitazama ile blauzi. Hakupiga kelele, ingawa Orlaith alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alimnyanyua Tadhg kitandani, akamlaza mapajani mwa Orlaith, akarudi nyuma hatua tatu.

Mtoto akashika titi mara moja. Alisikika chumba kizima akimeza. Rangi ikamrudia mashavuni, vidole vikashika kola ya Orlaith, na macho yakafunguka yakamtazama yeye, si mama yake.

Fidelma alikaa kando ya moto. Akafunga vifungo vya nguo yake, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Akishiba mweke kitandani, utoke," alisema. "Saa nne urudi. Na usimwimbie."