Karatasi ya Kumi na Nne

Foleni ya dirisha la masijala ya hospitali ilikuwa imeshapinda kona na kuingia korido ya maabara, watu wameshika kadi mikononi na hasira usoni. Muuguzi mmoja, gauni lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, alifika mbele akasema, "Naomba faili."

"La mgonjwa gani, Sista?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Langu. Mgonjwa ni mimi."

Ndipo karani alipoinua macho, na yakakataa kushuka tena. Aliona saa ndogo iliyoning'inia kifuani, nywele zilizosukwa zikafungwa nyuma, na tabasamu la mtu aliyezoea kuchoma watu sindano.

"Mbona huonekani mgonjwa?"

"Niliugua utotoni, mama akawa ananileta hapa. Siku hizi nafanya kazi hospitali ya upande wa pili wa mji. Sasa utanitafutia faili, au unataka kunipima joto kwanza?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpe faili lake, bwana! Uchumba utafuata!" Watu wa foleni hawana adabu, lakini mara mojamoja husema kweli.

Karani huyu wenzake walimwita Bwana Namba. Kwa miaka tisa hakuwahi kupoteza hata karatasi moja. Kila faili lililopita mikononi mwake alilipa namba karatasi kwa karatasi, kwa kalamu nyekundu iliyokaa daima nyuma ya sikio lake. Faili la Sista alilikuta stoo ya chini, limejaa vumbi, akaliketia siku hiyohiyo na kuliandika namba, moja hadi kumi na tisa. Kisha akampigia simu.

"Limepatikana, Sista."

"Haraka hivyo? Nilisikia hapo kwenu faili hutafutwa mpaka mgonjwa apone."

"Inategemea mgonjwa."

Akacheka, na Bwana Namba akajua kazi imeisha lakini safari imeanza.

Wakaanza kuonana. Jumamosi Bwana Namba alimsubiri kwenye geti la hospitali yake ya upande wa pili wa mji, akiwa na shati la samawati alilolinunua kwa ajili hiyo, naye Sista akatoka zamu amevaa gauni la kijani na mtandio wa manjano, mtu mwingine kabisa. Walitembea barabara ya maduka wakila karanga. Hapo ndipo Sista alipomwambia faili ni la nini.

"Nataka kuingia jeshini. Kama muuguzi."

"Wewe? Utapiga risasi au sindano?"

"Usinicheke, mpenzi wangu. Mwaka wa mafuriko nilipelekwa kusaidia. Nikawaona wauguzi wa jeshi wamesimamisha wodi nzima ndani ya hema, kwa muda wa saa tatu tu, matope magotini. Tangu siku ile silali vizuri. Na mwaka huu ndio wa mwisho, mwakani umri wangu utakuwa umepita."

"Sasa tatizo nini?"

"Pumu. Aliyeugua utotoni akapona, hawana neno naye. Lakini mimi ilinirudia nina miaka kumi na mitano, nikalazwa siku nne. Kwa kanuni zao hapo nimeshaanguka, labda nipewe msamaha. Wanataka faili zima, barua ya daktari bingwa, na kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Halafu bodi inakaa na kuamua. Naogopa, mwenzangu. Wanasema msamaha hutoka kwa mbinde."

"Na ukienda, nani atanisumbua dirishani?"

Alisema kwa utani. Sista akampiga na mtandio, wakacheka, neno likapita. Kumbe halikupita, liliingia mahali likakaa.

Jambo moja Sista hakumwambia, kwa sababu hakuona kama ni habari: kulazwa kule kwa siku nne alikuwa ameshakuandika mwenyewe kwenye fomu ya jeshi, kwa mkono wake, na tarehe juu. Ndivyo alivyolelewa.

Siku ya kupeleka nakala ya faili kwenye bodi, Bwana Namba alifunga dirisha mapema. Akaifungua karatasi ya kumi na nne. Ilikuwa ya zile siku nne. Akaisoma mara mbili, roho ikimwuma kwa msichana wa miaka kumi na mitano aliyekosa pumzi. Kisha mtu ambaye hakuwahi kupoteza karatasi akaichomoa, akapiga nakala ya zilizobaki, akaweka muhuri, akatuma. Aliwaza: kisichoonekana hakiulizwi. Mapenzi yalikuwa yamempofusha, kwani karatasi ya kumi na tatu ilifuatwa na ya kumi na tano, na namba zote aliziandika mwenyewe.

Wiki ya pili Sista aliitwa mbele ya bodi. Mwenyekiti alikuwa daktari, mwanamke mwenye cheo cha meja, miwani juu ya paji la uso.

"Umeandika kwamba ulilazwa. Faili la hospitali halisemi. Halafu kuna namba imerukwa. Nani ameitoa karatasi hii?"

"Sijui, Meja."

"Binti, pumu tunaweza kuijadili. Faili lililochezewa hatulijadili. Una siku saba za kuleta maelezo."

Alitoka nje, akasimama chini ya bendera, akampigia simu Bwana Namba.

"Laazizi! Wamesemaje?"

"Karatasi ya kumi na nne iko wapi?"

Bwana Namba akahamishia simu sikio la pili.

"Nakuuliza wewe. Karatasi yangu iko wapi?"

"Ninayo nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia? Kazi yako ni karatasi! Miaka tisa hukupoteza hata moja, ukaja kupoteza yangu? Sema kweli, ulitaka nikwame. Nibaki hapa nikusumbue dirishani!"

"Hapana! Nakuapia..."

"Usiniapie. Na usinipigie tena."

Akakata. Bwana Namba alipiga mara sita, simu ikaita bila kupokelewa mara sita.

Kwao, Sista alikaa kitandani na sare yake ileile ya kazi, akalia mpaka mama yake akaacha kufua akaja kukaa naye.

"Karatasi yenyewe ameichana?"

"Anasema anayo."

"Basi anayetaka ukwame huichoma," mama alisema, akijifuta povu mikononi. "Amekosea, tena vibaya. Lakini mwanangu, kuna mpumbavu na kuna mbaya. Kwanza ujue wako ni yupi."

"Wote wawili wameniharibia, mama."

"Mmoja anaweza kutengeneza."

Bwana Namba naye hakuwa amelala. Karatasi ilikuwa ndani ya bahasha ya vyeti vyake vya shule, imenyooka. Kuchana karatasi ya mgonjwa ni kitu ambacho mkono wake usingeweza hata kwa kulazimishwa. Asubuhi aliipeleka kwa mkuu wake wa masijala, mama mmoja mkali anayeogopwa hata na madaktari, akaiweka mezani na kueleza kila kitu.

"Unajua hii ni kazi yako inaondoka?"

"Najua, mama. Lakini naomba iende leo. Zimebaki siku sita tu."

Yule mama akaagiza faili liletwe. Kisha akapiga muhuri nakala mpya, namba zote kumi na tisa, na kumwamuru apande basi akaipeleke mwenyewe pamoja na barua ya kukiri. Adhabu yake angeikuta akirudi.

Siku ya saba Meja alimwita Sista tena.

"Kaa. Karatasi imefika. Kumbe hii ndiyo ilikuwa inakutetea." Akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa daktari wa zamani, kulikuwa na mahudhurio ya kliniki ya miaka mitatu: hana kikohozi, habanwi kifua, ameacha dawa. "Bila hii tusingejua ulipona lini. Aliyeichomoa hata hakuigeuza."

"Ni nani aliyeileta?"

Meja akashusha miwani, akasoma barua. "'Nilidhani namwokoa. Sikumwuliza. Yeye aliandika ukweli, mimi nikauficha, kwa hiyo kosa ni langu na adhabu iwe yangu. Naomba mumpime kwa mapafu yake, si kwa ujinga wangu.'" Akaikunja. "Huyu ni ndugu yako?"

Sista akanyoosha mkono, akaomba aisome barua mwenyewe.

"Haya, nenda ukapulize mashine. Na usilie kwanza, utaniharibia kipimo."

Alipuliza mara tatu, kifua kikamtii mara zote tatu. Barua ya msamaha ikatoka Ijumaa.

Jumamosi alivaa gauni la kijani na mtandio wa manjano, akaenda masijala. Dirishani alikuta sura nyingine. Bwana Namba alikuwa ameonywa kwa maandishi na kushushwa stoo ya chini, mwaka mzima kupanga faili za zamani. Alimkuta amekaa juu ya boksi, vumbi hadi kwenye nyusi, kalamu nyekundu nyuma ya sikio.

"Sista," alisema akisimama. "Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa. Na mimi nilipaswa kukusikiliza, nikakuita mbaya." Akampa barua. "Iingize kwenye faili langu. Namba ishirini."

Bwana Namba akaiandika namba kwa nyekundu, akaupuliza wino ukauke.

"Unaondoka lini?"

"Jumatatu. Mafunzo ni miezi tisa."

"Nitasubiri. Mimi kusubiri ndiyo kazi yangu."

"Ngoja, kuna hii pia." Akatoa fomu moja ya jeshi. Imejazwa yote, isipokuwa mstari mmoja. Kwenye sehemu ya mtu wa kuarifiwa likitokea lolote, jina lake Bwana Namba lilikuwa limeshaandikwa. Chini yake palisomeka *Uhusiano*, na mbele yake patupu.

"Hapa nilikuachia wewe," alisema, sauti imepungua. "Safari hii nimekuuliza kwanza."

Bwana Namba alivuta kalamu nyuma ya sikio.

"Si nyekundu, wewe! Hii ya jeshi, wanataka bluu."

Akampa yake, ya kifuani, yenye joto bado. Bwana Namba akainama juu ya boksi na kuandika polepole, kwa herufi kubwa zisizoweza kusomwa vingine: MCHUMBA. Kisha, jambo ambalo hakulifanya kwa karatasi ya kumi na nne, akaigeuza karatasi kuangalia nyuma.