Haina Chanzo

Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, na soko la Kamembe lilinuka udongo, mandazi na samaki. Umurerwa, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa akipita kwa tahadhari asichafue kitenge chake cha buluu, alipomkuta mwanaume amepiga magoti kwenye tope mbele ya meza ya Maman Micheline. Shati jeupe, suruali ya pasi, na simu mkononi. Alikuwa akipiga picha samaki wadogo wa ziwani, wale ambao upande huu wa daraja la mpakani wanaitwa isambaza, na kule Bukavu sambaza tu.

"We Papa, unanunua ao unaposa?" Maman Micheline akamuuliza. "Tangu asubui unabaangalia kama bibi-arusi!"

Soko zima likacheka.

"Nabapiga picha juu ya kamusi elezo, Maman. Dunia nzima itabaona."

"Dunia itabaona, na mi nitakula nini?"

Umurerwa hakuweza kunyamaza. "Umununulie hata kilo moja, Papa. Picha haiingie mu sufuria."

Mwanaume akainua uso. Alipomwona, vidole vyake vikasahau kazi, na simu ikatumbukia katika beseni la samaki. Wote wawili wakainama kuiokoa. Mikono ikakutana ndani ya ule ubaridi unaoteleza, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyekuwa akitafuta simu.

"Naitwa Néhémie," akasema.

"Simu yako njo inazama, Néhémie. Si jina."

Wiki iliyofuata mkuu wa shule akamleta darasani kwa Umurerwa mgeni kutoka Bukavu, atakayekuja kila Jumamosi kuwafundisha wanafunzi kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni kwa Kiswahili. Mgeni alikuwa Néhémie. Shati lilikuwa safi. Simu ilikuwa bado inanuka samaki.

Alifundisha kama mtu anayepiga hadithi. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina fundi mukubwa. Kila mupita njia anaongeza tofali, na haiishe."

"Kamusi elezo!" darasa likajibu kwa kelele.

Izabayo, msichana kutoka kijiji cha Gitambi, akaandika sentensi yake ya kwanza: kahawa ya Gitambi ni tamu kuliko zote duniani.

"Nani amesema?" Néhémie akamuuliza.

"Nyanya yangu."

"Nyanya anaweza kuwa na haki. Lakini yeye na ile kahawa ni ba nyumba moja. Hapa muntu hashuhudie kitu chake mwenyewe. Tunatafuta chanzo, muntu mwingine mwenye aliona. Na kama chanzo hakiko, hatufute mbio mbio. Tunaweka alama, 'chanzo kinahitajika', tunaulizia kwanza."

Umurerwa, kwenye kiti chake cha nyuma, hakuwa akisikiliza vyanzo. Alikuwa akitazama namna mtu huyu anavyoinama kwa kila mtoto bila haraka.

Simu za Néhémie zikaanza. Jioni, ukungu ukishuka juu ya migomba ya Mururu, kijijini kwao, Umurerwa alitoka uani ili mama yake, Nyiramahoro, asimsikie akicheka.

"Kitendawili," alisema.

"Tega, sheri."

"Kinavuka daraja bila karatasi, na polisi hamuone."

"Harufu ya sambaza?"

"Umeshindwa! Ni sauti yako."

Néhémie akacheka, kicheko chenye utamu wa chai ya maziwa. Lakini hakuwahi kusema lile neno moja. Alimwita sheri, alimwita malaika, kisha akaaga. Na Jumamosi ya mwisho ilikuwa inakuja. Baada ya hapo hangekuwa tena na sababu ya kuvuka kuja Kamembe. Umurerwa alikuwa amewaona wanaume wa maneno matamu wakiondoka na masomo yao. Alitaka kujua kabla hajaondoka huyu.

Basi akafungua kamusi elezo, akabonyeza jina la Néhémie, ukamtokea ukurasa umeandikwa "Majadiliano". Siku ukurasa huo ulipoelezwa darasani, yeye alikuwa kwenye mkutano wa wazazi. Akadhani ni pale mtu anapoongea na mwenzake, mlango umefungwa. Akaandika: *Néhémie, tangu siku ya samaki nakuota hata kama sijalala. Nakupenda. Uniambie kama na mimi niko moyoni mwako. Umurerwa.*

Akachemsha chai. Akarudi kutazama. Maneno yake hayakuwapo. Palibaki mstari mmoja mdogo wa kijivu: *Imefutwa na Néhémie. Sababu: haina chanzo.*

Chai ikapoa mkononi. Simu ikaita, jina la Néhémie likiwaka. Hakupokea. Ikaita tena, akamfungia namba.

"Unalia?" Nyiramahoro akauliza kutoka jikoni.

"Ni moshi, mama."

"Moshi gani? Moto umezimika zamani."

Jumamosi alivaa gauni la kijani alilokuwa amelitunza kwa siku hiyo, kwa ukaidi tu. Alimwita mgeni "Bwana Mwalimu", na hakumtazama. Wanafunzi wakapiga makofi ya kuaga, Izabayo akatoa shukrani. Néhémie aliandika neno moja ubaoni akalikosea mara mbili.

Umurerwa akashuka peke yake mpaka kando ya ziwa. Maji yalikuwa yametulia kama kitambaa kilichotandikwa, na Bukavu ng'ambo ilielea katika ukungu mweupe, nyumba juu ya nyumba, kana kwamba mtu ameichora na kuisahau. Akasikia viatu kwenye changarawe.

"Umurerwa. Naomba unipige, lakini usininyamazie."

"Bwana Mwalimu anataka nini tena? Kufuta na ziwa?"

"Ile ukurasa, sheri, kila muntu anaisoma! Izabayo na benzake beko pale kila siku. Nikaona jina lako, nikaogopa batoto batakucheka mu darasa. Nikafuta mbio. Mashine ikaniuliza sababu, na kidole kikagusa ile njo kimezoea, 'haina chanzo'."

Uso wa Umurerwa ukawaka moto. Kila mtu! Aibu yake ikashuka mpaka vidoleni, na chini ya aibu, kitu kingine kikaanza kupumua. Lakini hakutaka kukiachia upesi.

"Wewe njo ulitufundisha. Hatufute mbio mbio. Tunaweka alama, tunaulizia kwanza. Mbona hukuulizia?"

"Nilipiga simu, ukanifungia."

"Kabla ya hapo! Wiki zote zile unaniita sheri, malaika. Juu ya nini hukusema?"

Néhémie akakaa juu ya jiwe, bila kujali suruali yake ya pasi. "Niliogopa. Kwetu muntu akishasema lile neno, anafuata na bazazi kuposa. Kama ungekataa, mama angelia kuliko mimi. Nakupenda, Umurerwa. Nilikupenda simu ikiwa mu maji."

"Haina chanzo," akajibu, midomo ikitetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Muntu hashuhudie kitu chake mwenyewe."

Néhémie akamtazama. Kisha akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti nje.

"Maman Béatrice, iko muntu hapa anaulizia kama napenda nani."

"Eee, Yesu wangu!" sauti ya mwanamke ikalipuka, na kelele za soko nyuma yake. "Ni yeye? Mwanangu, ni we Umurerwa? Huyu muntu ametuchosha! Asubui Umurerwa, mangaribi Umurerwa. Juzi aliacha chakula kiungue, anaangalia ukuta anacheka. Na we, unamupenda?"

"Maman, na yeye hawezi kujishuhudia!" Néhémie akadakia.

"Ile sheria yenu itakulalisha peke yako mpaka uzeeke! Mwanangu, unijibu."

Umurerwa akaichukua simu. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, madirisha ya Bukavu yakimeta moja moja.

"Maman, mukuye kwetu Mururu siku ya dimanche, misa ikiisha. Na baba akuye. Mutamuuliza mama yangu Nyiramahoro. Yeye aliona vile nililia."

Maman Béatrice akapiga vigelegele, simu ikashindwa kuvibeba, ikakoroma tu. Wawili wale pale kando ya maji wakasikiliza, wakaapa kwamba wanavisikia vikija vyenyewe juu ya ziwa.