Msomaji wa Jarida la Mwaura

Walikutana kwenye kituo cha treni cha T-Centralen, Novemba 2009, saa ya watu kutoka kazini, wakati kila mtu Stockholm hutazama viatu vyake. Emérithe alikuwa na koti jekundu la sufu na kilemba cha kitenge, anarudi kwake Hjulsta baada ya kutwa nzima ya kuogesha wazee wa watu. Alikuwa akigombana na dada yake kwenye simu kwa Kiswahili cha Bukavu, na alipoikata, kijana mrefu akamsogelea na karatasi ya tangazo.

"Samahani, mrembo. Tumeanzisha jarida kwenye intaneti. Utamaduni na historia ya Afghanistan."

Emérithe akampima toka kofia hadi viatu vilivyolowa. "Weye ni Muafghani?"

"Mimi ni Mwaura, wa Nakuru."

"Na historia ya Nakuru iliisha?"

Mwaura alicheka hadi treni ikamwacha. Kufika Krismasi walikuwa wapenzi.

Lakini lile jarida Emérithe alilidharau kwa moyo wote. Halikuwa na ofisi, halikuwa na mfadhili. Mhariri wake, Palwasha, alikuwa binti wa Kabul mwenye nyusi za kuchonga, na Mwaura alimtengenezea kurasa bure kila Jumamosi sebuleni kwa mama wa binti huyo.

"Ile jarida inasomwaka na nani, chéri?" Emérithe alimchokoza kwenye simu. "Palwasha na mama yake?"

"Cheka tu, mpenzi. Wasomaji watakuja."

Asichojua Mwaura ni kwamba Emérithe alisoma kila toleo mwanzo hadi mwisho, akitafuta cha kudharau. Alisoma vigae vya Herat, akasoma mila za posa. Mwaura mwenyewe hakusoma hata mstari. Yeye alipanga picha na kuhakikisha zinafunguka.

Jumamosi moja ya Machi akabisha mlangoni kwa Emérithe na sinia la peremende na lozi za sukari, limefunikwa kitambaa cha kijani cha nyuzi za dhahabu.

"Zawadi, mpenzi! Mama Palwasha amenipa."

Emérithe hakulipokea. Alikwisha kusoma: kwa Waafghani, wazazi wakimkubali mchumba wa binti yao, humkabidhi sinia la peremende. Hilo ndilo jibu lao.

"Wamekukubali," akasema.

"Walinikubali kitambo! Ni watu poa sana."

"Na unaniletea miye?"

"Sasa nimpelekee nani?"

Akamfungia mlango usoni. Lozi zikatawanyika hadi kwenye lifti.

Simu zake hakupokea. Alijiambia kwamba mwanamume wa kazi za bure si hasara kumpoteza, akajiambia hivyo huku akilia juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo ya kwao. Mwishowe akamwandikia ujumbe: Soma jarida yako, mjinga.

Jioni hiyohiyo simu ikalia, akapokea.

"Emérithe, nimesoma! Sinia lilikuwa la kupigwa picha za toleo la harusi. Tulipomaliza Mama Palwasha akasema nichukue, peremende zisiharibike."

"Ulitengeneza makala ya posa na hukuisoma?"

"Mimi huangalia picha. Kumbe wewe unasoma?"

"Naisomaka yote," akasema kwa aibu. "Nilizani nimekupoteza. Nakupenda, mjinga weye."

"Basi niambie niende kuposa wapi."

"Kwa kaka yangu Gratien, Farsta. Kuja Jumapili na wazee wako."

Mwaura hakuwa na mzee Stockholm, na Wakenya aliowaomba wote walipata shughuli ghafla. Jumapili Gratien akafungua mlango, akamkuta Mwaura katika suti ya kuazima, na nyuma yake Palwasha na mama yake aliyejitanda shali nyeupe.

"Ukoo wa kijana njo huu?" Gratien akauliza kwa kejeli.

Mama yule akakaa kwenye kochi bila kungoja karibu, akaanza kusema kwa Kidari, lugha ya kwao Kabul. Palwasha akatafsiri kwa Kiswidi. Kiswidi cha Gratien kilikuwa cha kununulia mkate tu, kwa hiyo ikabidi Emérithe amtafsirie kwa Kiswahili.

"Anasema Mwaura amekula mezani kwake, amefanya kazi ya watu wake bila kuomba kitu. Anasema hapa Stockholm hana mama mwingine. Ni mwanawe..."

Akageuka kumtazama mama yule. Huyu ndiye mama ambaye yeye Emérithe alikuwa akimcheka tangu Krismasi.

"Malizia basi," Gratien akasema.

"Anaomba binti," Emérithe akasema akijifuta machozi. "Na miye nimekubali."