Fundi Jicho na Kifungo Cheupe

Kila fundi ana majivuno yake. Fundi cherehani wa mtaa huu alijivunia jicho lake. Mteja akiingia, yeye hakugusa futi ya kupimia. Alimtazama mara moja, kutoka juu hadi chini, kisha akasema, "Njoo Ijumaa." Ndiyo maana watu walimwita Fundi Jicho, naye alilipenda jina hilo.

"Futi ni ya wasioona," alisema, huku mkasi umeshazama kwenye kitambaa.

Mara nyingi jicho lilipatia. Lilipokosea, mteja aliambiwa amenenepa. Mume wa fundi, mwokaji mikate, alikuwa na suruali mbili zilizokataa kupita mapajani. Lakini yeye ni mtu wa amani. Alizikunja, akaziweka chini ya kitanda.

Siku moja mke wa kinyozi alikuja na tumbo lake kubwa, kuagiza nguo ya mtoto. Fundi akalitazama lile tumbo.

"Huyo ni msichana," akasema. "Wala sina haja ya kusubiri."

Akashona gauni la waridi, lenye marinda na utepe mgongoni. Wiki iliyofuata akazaliwa mvulana, mwenye sauti kama honi ya lori. Kinyozi alicheka mpaka akashindwa kumnyoa mteja. Mtaa mzima ukacheka. Fundi naye akacheka, ila cheko lake halikufika mbali.

Alikuwa na jambo moyoni. Alitaka kuwa mwalimu wa ushonaji katika chuo cha ufundi. Mwaka uliopita alifanya mtihani wa kuingia. Kwenye kushona alipata alama za juu kabisa. Kwenye maswali ya kufikiri alianguka vibaya. Na chuo kina kikomo cha umri. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake.

"Nikianguka tena, basi," alimwambia mume wake. "Nitazeeka na cherehani hiki hapa hapa."

"Huanguki, mke wangu," mwokaji akasema. "Ukawafundishe wengine kubana suruali za waume zao."

Fundi alicheka, lakini kwa kweli aliogopa.

Alasiri moja akaja wifi yake, dada wa mwokaji. Wifi huyu ni mkunga hospitalini. Aliwahi kufanya mtihani wa namna hiyo alipopandishwa cheo, na sasa huwasaidia wauguzi vijana kujiandaa.

"Hodi! Wifi, gauni langu?" mkunga akauliza, hata kabla ya salamu.

"Karibu, wifi. Bado kifungo tu."

"Tangu mwaka jana ni kifungo! Kinakuja kwa miguu?"

Kisha mkunga akaona macho ya wifi yake yamekuwa mekundu. Mezani, kati ya vipande vya nguo, kulikuwa na kitabu cha mazoezi.

"Kimekupata nini?"

"Soma mwenyewe," fundi akasema, akakisukuma kitabu. Kiliandikwa hivi:

A × B maana yake A ni kaka wa B.
A + B maana yake A ni mama wa B.
A ÷ B maana yake A ni mtoto wa B.

Swali: Je, K ni mjomba wa M?
Taarifa ya kwanza: K × L.
Taarifa ya pili: M ÷ L.
Je, taarifa hizi zinatosha kujibu swali?

"Nimejibu kwamba zikiwa pamoja zinatosha," fundi akasema. "K ni kaka wa L. M ni mtoto wa L. Kaka wa mama ni mjomba. Lakini kitabu kinasema nimekosa! Aliyekiandika hana wajomba, nini?"

Mkunga akaketi.

"Wifi, nani kakuambia L ni mama?"

"Si ana mtoto?"

"Kaka yangu naye ana watoto. Kwa hiyo na yeye ni mama?"

"Mimi msinitie humo," mwokaji akasema kutoka mlangoni, unga umemjaa mikononi.

"Sijui, wifi. Nilipomsoma huyo L nilimwona tu. Mama mmoja mfupi, mnene kidogo, amebeba kikapu."

"Ulimwona kwa jicho lile lile lililoona msichana tumboni?"

Neno hilo lilimchoma fundi, maana lilikuwa kweli.

"Usikasirike," mkunga akasema kwa upole. "Wodini kila siku naulizwa, 'Nesi, ni wa kike au wa kiume?' Jibu langu ni moja. Mpaka nimwone, ni mtoto. Nipe kopo lako la vifungo."

Mkunga akatandika kipande cha kitambaa cheusi mezani, akachukua na chaki ya fundi.

"Kwanza geuza alama ziwe maneno. Kisha panga watu. Mwanamke, kifungo chekundu. Mwanamume, cha bluu. Usiyemjua, cheupe. Ndugu wa tumbo moja, waunge kwa mstari wa kulala. Mzazi na mtoto, mstari wa kusimama. Haya, panga."

"K ni kaka. Ni mwanamume. Bluu." Fundi akakiweka. "Na L..." Mkono ukaenda kwenye vyekundu. Ukasimama. Ukarudi na kifungo cheupe.

"Enhe! Na M?"

"Mtoto wa L. Sijui wa kike au wa kiume. Cheupe."

"Sasa, L akiwa mwanamke, K ni nani kwa M?"

"Mjomba."

"L akiwa mwanamume?"

"Baba mdogo. Au baba mkubwa." Fundi akakitumbulia macho kile kifungo cheupe. "Kumbe kuna majibu mawili! Hazitoshi, wifi. Hata zikishikana mikono, hazitoshi."

"Sasa nabadilisha ya pili. Iwe L + M."

"L ni mama wa M." Fundi akatoa cheupe, akaweka chekundu. "Hapa K ni mjomba, hana pa kukimbilia. Zinatosha!"

"Usiende mbio. Ya kwanza peke yake je?"

"Aa... ya kwanza haimtaji M kabisa. Haitoshi."

"Ya pili peke yake?"

"Haimtaji K. Nayo haitoshi."

"Basi jibu ni kwamba zinatosha zikiwa pamoja tu. Lazima upime kila moja peke yake kwanza. Funika ya pili kwa kitambaa, usome ya kwanza. Kisha funika ya kwanza, uisahau kabisa, kama unavyolisahau gauni langu."

Wakacheka wote. Mwokaji akaleta chai na mkate wa moto.

"Moja la mwisho," mkunga akasema, akitafuna. "Je, T ni baba wa S? Taarifa ya kwanza inasema T + S. Inatosha?"

"Haitoshi. T si baba, ni mama."

"Una hakika si baba?"

"Hakika kabisa."

"Basi swali limeshajibiwa. Hapana ya uhakika ni jibu, wifi. Kisichokuwa jibu ni 'labda'."

Fundi akaitazama futi yake, iliyoning'inia ukutani na vumbi lake.

"Kumbe hawanitaki nishone gauni," akasema polepole. "Wananiuliza kama vipimo vinatosha kukata."

"Hapo hapo! Na ukishajua, weka mkasi chini. Nenda swali linalofuata."

Kuanzia siku hiyo, kopo la vifungo halikuondoka mezani. Mwokaji alimsomea maswali huku akisubiri unga uumuke. Mwanzoni fundi alikosea sana. Aliwapa watu jinsia wasiyopewa. Alichanganya taarifa kabla ya wakati. Mwokaji akimsikia anasema "bila shaka huyu ni mke wake," hugonga meza kwa kijiko.

"Kifungo gani?"

"Cheupe," fundi hujibu, akicheka kwa aibu.

Siku ya mtihani hakuruhusiwa kuingia na vifungo. Alivichora pembeni mwa karatasi. Kwenye swali moja alikutana na R, aliyekuwa mzazi wa watu wawili. Mara picha ikamjia. Mama mfupi, mnene kidogo, na kikapu chake.

"Ondoka," fundi akanong'ona. Akachora duara tupu.

Matokeo yalikuja kwa simu. Fundi hakuthubutu kuyasoma, akampa mume wake. Mwokaji akasoma. Akasoma tena. Kisha akamnyanyua mke wake, wakazunguka pamoja mpaka fundi akawa mweupe kwa unga.

"Amepita!" akapaza sauti hadi kwa kinyozi. "Maswali ya kufikiri kapata alama nzuri! Nimeoa mwalimu!"

Fundi alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Jioni hiyo mkunga alipiga hodi. Alikuta kitambaa chake kimetandikwa mezani, hakijakatwa.

"Ala! Ulisema bado kifungo tu!"

"Nilikudanganya, wifi. Nisamehe. Simama hapa, nyoosha mikono."

Fundi akaitoa futi ukutani, akaifuta vumbi. Akapima mabega. Akapima kifua. Akapima kiuno, akashtuka, akapima tena.

"Na jicho lako?" mkunga akauliza.

"Limestaafu. Nalo lingekukosea, nakwambia."

Akachukua mkasi, akaufungua juu ya kitambaa. Akasita. Akauweka chini, akapiga goti, akapima urefu kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Mwokaji, aliyesimama mlangoni na suruali zake mbili mkononi, alingoja zamu yake.

"Sasa vinatosha," akasema mwalimu, akakata.