Kadi Aliyoisahau Kila Asubuhi

"Dada, unasoma au unagombana na simu?"

Meklit hakuinua uso. Alikuwa amebanwa kwenye kiti kifupi, mgongo ukutani, katika mgahawa wa kahawa pale Arat Kilo, saa saba mchana, wakati ambapo hata pa kuweka kiwiko hupati. Gauni la kijani, shali nyeupe ya netela mabegani, miguuni raba za hospitali zenye doa la iodini. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza tu, kinabonyeza tu.

"Nasoma," alisema. "Na wewe unachungulia."

"Nachungulia kwa sababu nimeona namba. Kadi elfu mbili na mia tatu zinakusubiri leo. Leo hii! Utazimaliza lini, ukiwa bibi?"

Hapo akainua uso. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, koti la bluu la fundi, bisibisi ikichungulia mfukoni. Alitaka kumtukana. Badala yake kicheko kikamtoka, maana namba ilikuwa ya kweli na alikuwa ameificha hata kwa dada zake.

Mhudumu akaja na kikombe. Meklit akakinusa. "Wee, hii ina maziwa! Tuko kwenye mfungo wa kanisa, maziwa mwiko!"

"Chukua yangu, nyeusi," kijana akasema. "Bado sijaigusa. Naitwa Henok."

Kikombe cha maziwa kikabaki katikati ya meza, hakuna mwenye ubavu wa kukigusa, na wao wakaanza kuongea.

Meklit alikuwa muuguzi aliyemaliza chuo lakini hana leseni. Mtihani wa mwaka jana ulimshinda kwa alama nne tu. Safari hii alibakiza wiki tisa, na kila kitu alikiweka kwenye programu ya kadi. Programu inakuuliza swali, unajibu moyoni, unafunua jibu, halafu unajipima mwenyewe. Ukibonyeza "Nimesahau", swali linarudi kesho. Ukibonyeza "Rahisi", linaenda likizo: siku nne, baadaye wiki mbili, baadaye miezi. Ukilala siku tatu bila kuzigusa, zinajaa kama nguo chafu.

"Kila ukibonyeza, inaandikwa," Henok akamwambia. "Kadi gani, saa ngapi, umejibu nini, umetumia sekunde ngapi. Niletee hiyo kumbukumbu dukani kwetu tunapotengeneza kompyuta, Megenagna. Nitaandika programu ndogo iisome."

"Umesomea wapi mambo hayo?"

"Sijasoma. Niliacha shule darasa la tisa. Nimejifunzia kwenye kompyuta za wateja, wakichelewa kuzifuata."

Alilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta.

Ijumaa Meklit alikwenda na kompyuta yake, yenye kadi zilezile za kwenye simu. Henok akaendesha programu, jedwali likashuka kwenye kioo.

"Ona. Kadi mia nne umeziandika mara mbili. Halafu hizi sitini na moja zinakula theluthi ya muda wako. Kila siku unazisahau."

"Kwa hiyo mimi ni mjinga?"

"Kichwa chako kizima. Kadi ndiyo mbovu. Soma hii." Akamfungulia moja. "Dalili, dawa, kipimo, madhara, vyote ndani ya kadi moja? Hii ni hati ya mahakama, mama! Ipasue iwe kadi sita."

Meklit akacheka mpaka Abinet, fundi mwenzake Henok, akageuka. "Henok amechekesha mtu? Leo mvua itanyesha."

Wakazipasua zote. Kila Ijumaa Meklit alileta mashine, Henok akaipitia. Wiki ya nne kadi za siku zilikuwa mia moja na themanini, anazimaliza kabla chai haijapoa. Na simu zikaanza, kila jioni akitoka wodi ya kujitolea.

"Umekula?" Henok huuliza.

"Mchuzi wa shiro."

"Tena? Utageuka dengu."

"Nitageuka dengu nzuri. Wewe umekula?"

"Nakusubiri unialike, roho yangu."

"Kaa kwenye foleni, usubiri."

Yote hayo yalikuwa utani. Neno lenyewe Henok hakulitoa. Alilifikisha kooni mara kumi, likarudi. Binti ana digrii, baba yake mwalimu mkuu. Yeye ana bisibisi. Basi wiki ya tano akafanya ujanja wake: akachomeka kadi moja kati ya kadi za Meklit. Swali lilikuwa picha yake na koti la bluu, chini imeandikwa, "Nani huyu?" Jibu: "Mtu anayekupenda."

Akasubiri. Meklit hakusema kitu. Alipiga simu kama kawaida, akacheka kama kawaida. Ijumaa ya kwanza Henok hakuwa na ujasiri wa kuangalia. Ya pili pia. Ya tatu ikampita hivyo hivyo.

Ijumaa ya nne Meklit aliiacha kompyuta akaenda sokoni. Henok akaendesha programu yake, akaitafuta ile kadi. Siku ishirini na nane. Majibu ishirini na nane.

Nimesahau. Nimesahau. Nimesahau. Mpaka chini.

Akadhani amekosea kuandika kitu, akairudia. Ikaja vilevile. Hata dawa za kifafa alikuwa amezikumbuka, na hizo zina majina kama magonjwa yenyewe.

Akaifuta kadi. Meklit aliporudi na ndizi mkononi, Henok akamkabidhi mashine bila kumtazama. "Iko sawa. Hunihitaji tena."

"Una nini wewe?"

"Kazi nyingi."

Jioni ile simu iliita, hakupokea. Kesho yake iliita mara saba. Jumapili mara mbili. Jumatatu haikuita kabisa, na hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Jumanne, mtihani umebakiza siku tatu, Meklit aliingia dukani na sare ya wodi, nywele hazijasukwa, netela ikiburuzika chini.

"Kadi yangu iko wapi?"

Abinet akakumbuka ghafla kwamba anahitaji sigara, akatoka.

"Kadi gani?"

"Usinifanye mtoto, Henok. Kadi yangu."

"Nimeifuta. Ya nini? Umenisahau mara ishirini na nane, nimehesabu."

Meklit akamkodolea macho. "Nikibonyeza 'Rahisi', inarudi lini?"

"Baada ya siku nne."

"Halafu?"

"Wiki mbili. Halafu..."

"Halafu miezi! Nani alinifundisha? Nilikuwa nataka kukuona kila asubuhi kabla ya zile takataka za kadi za figo, kwa hiyo nabonyeza 'Nimesahau', kesho unarudi. Ungetazama sekunde, fundi mkubwa wewe. Kadi nyingine sekunde sita. Yako karibu dakika nzima!"

Henok alikaa kwenye kiti cha mteja. Sekunde zilikuwepo pale pale kwenye jedwali, safu ya pembeni. Hakuwahi kuzisoma.

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nikuambie mimi? Aliyeandika ni nani? Nilingoja useme kwa mdomo, ukaenda kuuliza kompyuta. Halafu ukaninyamazia siku nne, wiki ya mtihani wangu."

"Naweza kuirudisha, nina nakala."

"Usiirudishe." Akavuta netela begani, akaondoka.

Siku hizo tatu Henok hakutengeneza kitu kikatengenezeka. Ijumaa alifika nje ya geti la mtihani saa sita, wakati wanatoka saa kumi. Alikuwa amevaa shati jeupe la kuazima, mikono mifupi kidogo.

Meklit alitoka kati ya wa mwisho, wino kidoleni. Akamwona, akasimama.

"Umefuata takwimu?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Watu walikuwa wanapita, wanagongana nao mabega. "Unanipenda?"

"Ndiyo," Meklit akasema. "Umeona? Haikuua mtu. Na wewe?"

"Nakupenda. Tangu siku ile ya mfungo. Lakini mimi darasa la tisa, na baba yako..."

"Baba atakuuliza maswali, utamjibu kwa mdomo. Na nikifaulu wananipeleka kufanya kazi Gambela, kule mpakani. Hilo umelifikiria?"

"Gambela hakuna kompyuta mbovu?"

"Kwa joto lile? Zote mbovu."

"Basi kazi ninayo. Nitume wazee kwenu lini?"

Meklit alimkabidhi mkoba wa vitabu, mzito kama jiwe la kusagia, akamwacha ahangaike nao.

"Jumapili, baada ya kanisa. Watatu tu. Na yule mjomba wako anayehubiri usimlete."

"Ndiye mjomba pekee niliye naye."

"Basi mwambie aongee kidogo," alisema, akamshika mkono mbele ya geti zima. "Baba akichoka kusikiliza, hukataa."